Kuchora Maisha ya Mmea kwa Rangi za Mafuta

Rangi ya mafuta ni zao la shambani kabla haijawa kifaa cha mchoraji. Mafuta yanayoushika unga wa rangi hukamuliwa kutoka mbegu za kitani, mmea uleule ambao nyuzi zake hufumwa turubai. Tapentaini hutokana na utomvu wa misonobari. Mkaa wa kuchorea mistari ya kwanza ni vijiti vilivyounguzwa mahali penye hewa haba. Vanishi nazo zilikuwa utomvu wa miti, na hapo pwani ya Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa ardhini katika pwani ya Mrima, mahali ambapo misandarusi ilikufa zamani na kuacha utomvu wake mchangani. Ilisafirishwa kutoka Zanzibar hadi Salem, Massachusetts, na bandari za Ulaya, ikayeyushwa kuwa vanishi ngumu za magari ya farasi, samani na picha. Wafanyabiashara walewale wa Salem walileta merikani, kitambaa cha pamba ambacho hadi leo, kikiwa kizito na kikiwambwa vizuri, hufaa kuchorewa.

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi, ya rangi hii kupatana na mimea. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Mafuta ya kitani hufyonza oksijeni ya hewani na kugeuka taratibu kuwa utando mgumu. Tabaka jembamba hushika baada ya siku chache, tabaka nene huhitaji wiki, na picha nzima huendelea kukauka kwa miezi. Mmea nao hubadilika kwa mwendo wa namna hiyo. Mchoraji anaweza kurudi kwenye turubai leo, wiki ijayo na mwezi ujao, na kila mara akakuta mmea umesogea hatua na rangi iko tayari kupokea tabaka jipya.

Picha nyingi za mimea hukomea kwenye ua lililochanua, yaani siku chache katika maisha ya miezi au miaka. Siku hizo ni nzuri, lakini zikichorwa peke yake ua hugeuka pambo: halijulikani lilikotoka wala linakokwenda. Kazi inayoelezwa hapa ni ya kuufuata mmea mmoja tangu kuchipua hadi kuoza, na kuufanya mwendo huo wote kuwa kiini cha picha.

Kuchagua mmea

Mmea unaofaa ni ule ulio karibu. Mchoraji anahitaji kuuona mara kadhaa kwa wiki, asubuhi na jioni, wakati wa mvua na wakati wa jua kali. Mmea wa mbali, hata ukiwa wa ajabu, utaonekana mara mbili tatu, kisha utachorwa kwa kumbukumbu. Uwe pia mahali ambapo hautafyekwa ghafla. Ukiwa katika shamba la mtu, mwenye shamba aelezwe mapema kazi itakayofanyika, kwa kuwa mavuno hayamsubiri mchoraji, na ni vizuri aijue siku ya kukatwa kwa kile anachokichora.

Jambo la pili ni urefu wa maisha ya mmea wenyewe. Alizeti hukamilisha maisha yake kwa miezi mitatu hadi minne tangu kupandwa, hivyo inamfaa anayeijaribu kazi hii kwa mara ya kwanza. Mwembe huweza kuishi muda mrefu kuliko mchoraji. Kwake hufuatwa mwaka mmoja tu wa majani, maua na matunda. Kati ya hiyo miwili upo mgomba, na kwa anayeishi Afrika Mashariki ni vigumu kupata somo bora zaidi.

Mgomba hauna ubao. Kinachoonekana kuwa shina ni vikonyo vya majani vilivyoviringishana kwa kubana. Shina halisi limo ardhini, na humo ndimo yanamotokea machipukizi. Chipukizi hutoa kwanza majani membamba kama sime, kisha mapana. Kila jani jipya hupanda katikati likiwa limeviringwa, kijani chake kimepauka, na kukunjuka juani. Penye joto la kutosha mgomba hutoa ua kati ya miezi 9 na 12 baada ya kupandwa. Kwenye miinuko ya Kilimanjaro au Kagera huchukua muda mrefu zaidi. Ua huinama, na magamba yake ya rangi ya damu ya mzee hufunguka moja baada ya jingine. Maua ya kike, ambayo hugeuka vichana vya ndizi, hutangulia. Ya kiume hufuata. Miezi mitatu hivi baadaye mkungu hukomaa, na shina lile halizai tena. Hukatwa, huoza palepale, na machipukizi ya pembeni hushika nafasi yake. Katika kichaka kimoja cha mgomba, basi, huonekana vizazi vitatu kwa wakati mmoja: bibi aliyemaliza kuzaa, mama anayekaribia kutoa ua, na mjukuu anayechomoza. Mchoraji asiyeweza kusubiri mwaka mzima anaweza kuanza na vizazi hivyo vitatu siku ya kwanza.

Sam Ntiro, mzaliwa wa Uchagani aliyesoma Makerere na kisha chuo cha sanaa cha Slade mjini London, alichora kwa mafuta maisha ya watu wanaoishi migombani. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo katika mkusanyo wa Museum of Modern Art, New York. Kazi kama hiyo inamkumbusha mchoraji wa mimea kwamba mgomba wa nyumbani haukamilishi maisha yake shambani peke yake. Unapita jikoni, kwenye mtungi na kwenye sherehe, na hatua hizo nazo ni halali kuchorwa.

Michoro ya majaribio

Kabla ya turubai kubwa ipo kazi ya wiki nyingi inayofanywa kwenye kijitabu na kwenye vipande vidogo. Karatasi nzito inafaa, ila ipakwe kwanza tabaka mbili za rangi nyeupe ya msingi ya akriliki, kwa sababu mafuta ya kitani yakiingia kwenye karatasi tupu huifanya ivunjike kwa urahisi. Marianne North, Mwingereza aliyezunguka dunia katika karne ya 19 akichora mimea palepale inapoota, alitumia mafuta kwenye karatasi kwa kazi zake nyingi. Zaidi ya 800 zimetundikwa katika jengo lililofunguliwa kwa ajili yake katika bustani za Kew, London, mwaka 1882. Karatasi ni nyepesi kubeba, na ikikauka hupangwa sandukuni bila shida.

Kila jaribio lijibu swali moja. Jani linaviringika upande gani? Kikonyo kinashikana vipi na shina? Gamba la ua lina rangi gani ndani, na gani nje? Ukubwa wa sentimita 20 kwa 25 unatosha, na saa moja inatosha. Pembeni ya kila jaribio huandikwa tarehe, saa, hali ya hewa na mchanganyiko wa rangi uliotumika, pamoja na alama ndogo ya mchanganyiko wenyewe. Maandishi hayo yanaonekana kuwa kazi ya karani, lakini miezi sita baadaye, jani lilelile likiwa limeshageuka mbolea, ndiyo yatakayomwambia mchoraji kijani kile kilipatikanaje.

Jan van Huysum wa Amsterdam (1682–1749) alijulikana kwa kusubiri ua halisi lipatikane badala ya kulibuni. Katika barua ya mwaka 1742 alieleza kwamba picha aliyoagizwa imechelewa kwa kuwa alikosa waridi la njano la kuchora. Picha yake ya maua katika chombo cha udongo, iliyomo National Gallery, London, ina tarehe za miaka miwili, 1736 na 1737. Msimu mmoja haukutosha. Subira ya namna hiyo haimhitaji mchoraji akae bure. Huwa na turubai tatu au nne zinazoendelea kwa pamoja, kila moja ikingoja sehemu yake ya mmea au saa yake ya mwanga, kama alivyofanya Claude Monet na picha zake za marundo ya mavuno mwaka 1890 na 1891.

Simu yenye kamera inasaidia kukumbuka jani lilikaa wapi na mkungu ulikuwa na vichana vingapi. Rangi isichukuliwe humo. Kamera nyingi hukaza kijani na kutia weusi kwenye kivuli, na kivulini ndimo mimea inamoficha rangi zake nzuri kuliko zote.

Kijani

Kosa linaloharibu picha nyingi za mimea ni kijani kilichotoka moja kwa moja kwenye tyubu, kikaongezwa nyeupe kwa mwanga na nyeusi kwa kivuli. Jani halifanyi hivyo. Sehemu yake ya juu, hasa ikiwa na nta inayong'aa, hurudisha mwanga wa anga, na kwa hiyo mahali pang'aavu pana buluu na kijivu kuliko kijani. Jua likipenya jani kutoka nyuma, rangi huhamia kwenye manjano na kuwa kali. Hiki ndicho kijani kinachomvuta mtu anayesimama chini ya mgomba saa tatu asubuhi. Upande wa chini wa jani, usio na jua, umepauka, na kwenye mgomba una unga wa nta unaoufanya uwe karibu na kijivu. Mchoraji atenganishe hali hizi tatu kwenye paleti kabla ya kugusa turubai: mwanga unaorudi, mwanga unaopenya, na upande wa chini.

Michanganyiko michache hutosha. Njano ya limau na buluu ya thalo hutoa kijani cha jani changa. Buluu iwe kidogo sana, maana thalo ina nguvu ya kumeza kila kitu. Njano ya kadimi na altramarini hutoa kijani kizito cha jani lililokomaa. Udongo wa njano ukichanganywa na nyeusi ya mifupa hutoa kijani cha zeituni, tulivu, kinachofaa kwa majani ya ndani ya kichaka. Kijani kikipiga kelele hutulizwa kwa nyekundu kidogo, siena iliyochomwa au alizarini ya kudumu, wala si kwa nyeusi. Kivuli cha jani juu ya jani jingine huwa na joto zaidi kuliko kinavyodhaniwa, kwa sababu mwanga uliopenya jani la juu umeshuka hapo ukiwa na manjano yake.

Si kila jani changa ni la kijani. Majani mapya ya mwembe hutoka yakiwa ya shaba na zambarau nyekundu, laini, yakining'inia, kisha hukaza na kugeuka kijani baada ya wiki chache. Wekundu huo ni wa anthosianini, ambayo huaminika kulikinga jani laini dhidi ya jua kali. Anayejua jambo hilo hawezi tena kuchora chipukizi la mwembe kwa kijani cha mazoea.

Umbo la jani la mgomba linahitaji neno lake. Upepo hulichana kufuata mishipa yake inayokwenda sambamba, kuanzia ukingoni hadi kwenye uti wa kati. Mpasuko hauendi ovyo. Brashi bapa ikiburutwa kutoka kwenye uti kuelekea nje, kwa mwelekeo wa mishipa, huchora jani na mipasuko yake kwa mkono mmoja. Ikiburutwa kinyume, hakuna rangi itakayoliokoa jani hilo.

Ua na haraka yake

Ua ndilo sehemu pekee ya kazi hii inayodai haraka. Mwezi Agosti 1888, huko Arles, Vincent van Gogh alichora alizeti zake kuanzia jua linapochomoza, kwa kuwa zilinyauka upesi. Hata hivyo hakuchora ua lililochanua peke yake. Katika picha iliyomo National Gallery, London, yamo maua yaliyokwisha kupoteza petali na kubaki vichwa vya mbegu, na mwaka mmoja kabla, mjini Paris, alikuwa amechora alizeti zilizokatwa na kukauka mezani. Alizeti zake zina nguvu kwa sababu zina umri.

Maandalizi hufanywa siku moja kabla. Turubai hupakwa rangi nyembamba ya msingi, majani na usuli hukamilishwa, na mahali pa ua huachwa bila rangi nene. Michanganyiko mikuu ya ua huwekwa tayari kwenye paleti. Ua likifunguka, huchorwa kwa kikao kimoja, rangi mbichi juu ya rangi mbichi: vivuli vya petali kwanza, kisha rangi ya kati, na mwanga mkali mwishoni kwa brashi iliyojaa rangi. Ua jeupe halichorwi kwa nyeupe. Hujengwa kwa kijivu cha manjano, cha kijani na cha zambarau, na nyeupe tupu ya titani hutengewa sehemu mbili tatu tu.

Mtihani mgumu kuliko yote ni ua la mbuyu. Hufunguka jioni jua linapozama, jeupe, likining'inia kwa kikonyo kirefu, likiwa na kishada cha stameni zisizohesabika. Usiku huo hutembelewa na popo wanaobeba chavua, na kabla ya jioni ya pili petali zimeshageuka kahawia na kuanguka. Mwangaza wa kuchorea hauzidi nusu saa kabla ya giza. Hapo hutumika majaribio madogo yasiyolenga ukamilifu: moja la umbo wakati wa machweo, moja la rangi chini ya taa nyeupe, na moja asubuhi ya pili la ua lililoanguka, ambalo hulala chini kwa utulivu na kumpa mchoraji muda wote anaoutaka. Picha kubwa hujengwa baadaye kutokana na hayo matatu. Mbuyu huanza kuchanua karibu na vuli, mara nyingi kabla majani hayajajaa, kwa hiyo ua jeupe huonekana dhidi ya matawi yaliyo wazi, na utofauti huo ni zawadi kwa anayepanga picha.

Kuiva, kukauka na kuoza

Hapa ndipo mafuta yanapoonyesha uwezo wake, na hapa ndipo wachoraji wengi wanapofunga sanduku. Jani linalokufa halipotezi rangi, hufichua zilizokuwamo. Umbijani ukivunjika, karotenoidi za manjano na chungwa, ambazo zilikuwamo muda wote, hubaki zikionekana. Mkungu, ule mti wa kivuli unaopandwa sana mitaa ya pwani, huongeza wekundu kabla ya kuangusha majani yake, na jani lake moja linaweza kuwa na kijani, manjano, nyekundu na kahawia kwa wakati mmoja. Ni zoezi zuri: majani matano ya mkungu yaliyookotwa siku moja, kila moja likiwa katika hatua yake, yapangwe kwenye kitambaa cheupe na kuchorwa kwa ukubwa wake halisi.

Ndizi ikiiva ganda lake hupoteza umbijani na kubaki manjano. Wanga wa ndani hugeuka sukari. Madoa ya kahawia hutokea pale seli zinapovunjika na vimeng'enya vyake kukutana na hewa. Kwa hiyo madoa hayatawanyiki bila mpango. Mengi huanzia penye michubuko, kwenye ncha na kwenye kingo za tunda. Gogo la mgomba lililokatwa hubadilika mbele ya macho: sehemu iliyokatwa huwa nyeupe ya krimu yenye vyumba vidogo vya hewa, kisha huingia uwaridi, kisha kahawia, na baada ya siku kadhaa weusi wenye unyevu. Majaribio manne ya gogo moja, yakiwekwa pamoja, yanaweza kuwa picha nzuri kuliko mkungu wa ndizi wenyewe.

Rangi za uozo hupatikana kwa kutuliza. Zambarau na njano zikikutana hutoa kijivu chenye uhai. Alizarini na kijani kizito hutoa weusi wa kina usio mfu kama weusi wa tyubu. Ukungu mweupe wa kuvu huwekwa mwishoni kwa brashi kavu iliyoguswa nyeupe kidogo na altramarini, ikipitishwa juu ya tabaka lililokwisha kukauka. Kisu cha rangi hufaa kwa maganda yaliyokauka, kwa kuwa huacha kingo kali na mapengo. Umba, rangi ya udongo wa kahawia, hukauka upesi na mara nyingi hupoteza mng'ao na kuonekana imefifia. Sehemu hiyo ikikauka hupakwa mafuta membamba sana kwa kitambaa na kufutwa, nayo hurudisha kina chake.

Waholanzi wa karne ya 17 waliliona hili kwa macho makini. Otto Marseus van Schrieck alichora sakafu ya msitu, yaani uyoga, miiba, nyoka, chura na vipepeo katika giza la chini ya majani, na kwenye baadhi ya picha alibandika mbawa halisi za vipepeo juu ya rangi. Rachel Ruysch (1664–1750), binti wa mtaalamu wa anatomia na botania, alichora maua yenye wadudu, majani yaliyotobolewa na vikonyo vilivyopinda kwa uzito. Mdudu katika picha zao ni sehemu ya maelezo: tundu kwenye jani lina aliyelitoboa. Mchoraji wa leo afuate kanuni hiyo. Kila doa, tundu na mpasuko uwe na sababu inayoonekana au inayojulikana, na jani safi kupita kiasi litiliwe shaka.

Kupanga mzunguko katika picha

Njia ya kwanza ni kukusanya hatua zote katika turubai moja. Kichaka cha mgomba hujipanga chenyewe hivyo, na wachoraji wa maua wa Uholanzi walifanya hivyo kwa kuunganisha majaribio ya misimu mbalimbali katika chombo kimoja, ua la masika ya Ulaya kando ya ua la kiangazi. Hatari yake ni msongamano. Hatua moja lazima iongoze, ipate mwanga na nafasi, na nyingine zifuate katika kivuli. Hatua zikilingana ukubwa na mwanga, picha hugeuka chati ya darasani.

Njia ya pili ni mfululizo. Mwaka 1930 Georgia O'Keeffe alichora turubai sita za mmea mmoja wa msituni, akianza na mmea wenye ua na majani yake, akazidi kusogea ndani, hadi turubai ya mwisho ikabaki na kiini cha ua peke yake dhidi ya giza. Somo lake ni kwamba mfululizo si lazima ufuate kalenda. Unaweza kufuata umbali wa jicho. Anayefuata kalenda ashike jambo moja lisibadilike, ama ukubwa wa turubai, ama mahali pa kusimama, ama saa ya siku, ili jicho la mtazamaji lipate cha kulinganisha. Mgomba uleule, kutoka mahali palepale, saa moja asubuhi, kila mwezi mara moja, hauhitaji ubunifu mwingine wowote.

Njia ya tatu, ngumu zaidi, ni kuacha tabaka za rangi zenyewe zishike wakati. Jani la mwezi uliopita halifutwi. Jipya huchorwa juu yake, na la zamani huachwa lionekane kwa mbali kupitia rangi nyembamba. Njia hii inamhitaji mtu anayezifahamu tabaka zake.

Tabaka, ukavu na usalama

Kanuni kuu ni kwamba tabaka la chini liwe na mafuta machache na la juu liwe na mengi zaidi. Tabaka lenye mafuta mengi hukauka polepole na hubaki likijongea. Likifunikwa na tabaka linalokauka upesi, la juu hupasuka. Katika picha inayochorwa kwa miezi, kama hizi, kanuni hii haina msamaha. Tabaka la kwanza lichanganywe na tapentaini kidogo, la pili litumie rangi kama ilivyo, na la tatu liongezewe mafuta ya kitani kwa matone. Nyeupe ya zinki iepukwe katika tabaka nene, kwa kuwa utando wake huwa dhaifu na hupasuka kwa urahisi. Rangi za mabati na baiskeli, zilizotumiwa kwa ustadi na Edward Saidi Tingatinga na wafuasi wake kwenye mbao, zina uzuri wake, lakini zisichanganywe na tabaka za mafuta ya kitani, maana hukauka kwa namna na mwendo tofauti.

Penye unyevu wa pwani turubai ikiegemezwa ukutani huota kuvu kwa nyuma. Iachiwe nafasi ya hewa. Chumba chenye mwanga ni bora kuliko stoo, kwa sababu mafuta ya kitani huingia manjano yakikaa gizani.

Vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani huweza kuwaka vyenyewe. Mafuta yakifyonza oksijeni hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa au kurundikwa hulizuia joto hilo lisitoke. Vitandazwe nje hadi vikauke, au viloweshwe maji katika chombo cha bati chenye kifuniko. Tapentaini itumike madirisha yakiwa wazi. Rangi zenye kadimi na risasi ni sumu. Mchoraji asile wala asivute sigara akiwa kazini, na asikwangue rangi kavu bila kuziba pua na mdomo.

Umri wa picha yenyewe

Rangi nazo hufifia, nyingine kabla ya mchoraji kuzeeka. Mwezi Mei 1890, huko Saint-Rémy, Van Gogh alichora mawaridi ambayo leo yanaonekana meupe katika picha mbili zilizoko New York na Washington. Yalikuwa ya waridi. Nyekundu aliyotumia haikuvumilia mwanga. Kwa hiyo katika kununua rangi, hasa nyekundu na zambarau za maua, husomwa daraja la uvumilivu wa mwanga lililoandikwa kwenye tyubu: I ni bora sana, II ni nzuri, na zilizo chini ya hapo zinafaa kwa majaribio tu. Alizarini ya kawaida hufifia. Ile iliyoandikwa kuwa ya kudumu ndiyo ya kutumia.

Vanishi husubiri miezi sita hadi mwaka, kutegemea unene wa rangi. Ikipakwa mapema huungana na rangi isiyokauka na haitaondoleka bila kuijeruhi picha. Sandarusi iliyosifiwa zamani kwa ugumu wake ina kasoro yake: huingia weusi kwa miaka na ni vigumu kuiondoa, hivyo vanishi za kisasa zinazoyeyuka kwa urahisi ndizo zinazofaa. Kabla ya kuipaka, vumbi hufutwa kwa brashi laini, picha hulazwa, na vanishi hupakwa nyembamba kwa mwelekeo mmoja.

Nyuma ya turubai huandikwa jina la mmea, mahali ulipokuwa, tarehe ya kwanza na ya mwisho ya kuuchora, rangi na mafuta yaliyotumika, na aina ya vanishi, ili atakayeisafisha picha baadaye ajue pa kuanzia.